Upande wa Pili wa Chanja

Asubuhi ile Tulinagwe alikuta majani ya pasheni yamekauka mahali pamoja tu. Mmea mzima ulikuwa umeshiba mvua na kumeremeta, lakini pale katikati, juu kidogo ya kimo cha Tulinagwe, majani yalikuwa yamejikunja na kuwa kahawia kama tumbaku. Pale pakavu palikuwa na ukubwa wa sahani. Alipopagusa, majani yakammwagikia mkononi, nayo yalikuwa na uvuguvugu.

Alifikiri ni wadudu. Mtu wa Kyimo akiona jani limekauka hapeleki mawazo mbali; anawaza wadudu, kisha mbolea, kisha anamlaumu aliyemuuzia mche. Akayakwanyua makavu mpaka pakabaki tundu, akayatupa migombani, akaenda kuwasha moto. Alipokuwa akipuliza kuni ndipo alipogundua kwamba amekaa kando kabisa ya jiko, nyuma ya mtungi wa maji, mahali ambapo mtu aliye upande wa pili wa lile tundu asingeweza kumwona. Akajicheka, maana upande wa pili hapakuwa na mtu tena.

Wageni wengi walidhani chanja ile ni urembo. Mianzi iliyosukwa na kusimamishwa katikati ya ua, pasheni imepanda mpaka juu, maua yake yakivutia nyuki. Ukitazama haraka ungesema mama mwenye nyumba anapenda bustani. Ukweli ni kwamba chanja ilijengwa kwa ajili ya heshima. Upande huu ulikuwa wa nyumba kubwa na jiko la Tulinagwe. Upande wa pili palikuwa na kibanda cha baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia vichakani mpaka mzee apite, na jina la mzee halitamki maisha yake yote. Siku hizi mambo yamelegea. Utamkuta mkamwana na baba mkwe wake wamepakizana kwenye bodaboda moja kwenda Tukuyu mjini, na radi haipigi. Lakini Tulinagwe alilelewa na bibi wa kizamani, na mzee naye hakuwa mtu wa kulegeza mambo. Mke wa mzee alipofariki na mzee kuhamia kwa mwanawe Amoni, mume wa Tulinagwe, Amoni alisuka ile mianzi, Tulinagwe akapanda pasheni, na maisha yakaendelea pande mbili za majani.

Walielewana vizuri ajabu. Mzee alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kutoka kibandani, na Tulinagwe akisikia hujitanda khanga kichwani na kugeukia ukuta. Chakula alikiweka kwenye kigoda mwisho wa chanja, akagonga sahani kwa kijiko, akaondoka. Mzee akiwa na neno aliwaambia kuku. "Nyie kuku, mwambieni mwenye nyumba chai ya leo imekolea," angesema kwa sauti ya kawaida, na kuku wakiendelea kuparura, Tulinagwe naye aliwatuma: "Nyie kuku, mwambieni mzee aliyeipika amefurahi." Mzee alikuwa amefanya kazi kiwanda cha chai tangu ujana, na alijua anachokisema. Kwa miaka yote hiyo Tulinagwe alijua kikohozi chake, koti lake la kijani la kiwandani lililonuka chai, kofia yake ya sufu, mgongo wake, na kisigino chake cha kulia kilichopasuka. Uso wake hakuujua.

Mzee alikufa mwaka jana, mvua za masika zilipoanza. Dada yake, shangazi Atuganile, alikuja kutoka Lupepo kumuuguza, na Tulinagwe alizisikia pumzi za mwisho kupitia majani. Siku ya mazishi watu walipopita kuaga, naye alipita, kichwa ameinamisha, khanga imefunika macho. Ile picha ya marehemu iliyosimamishwa mbele ya jeneza aliiona fremu yake tu. Wazee walisifu sana. Walisema wakamwana wa namna hii hawazaliwi tena.

Kisha watu wakaondoka. Amoni alikuwa Chunya kutafuta dhahabu, na dhahabu ya Chunya ina tabia ya kula nauli ya kurudia. Alipiga simu pale alipokumbuka. Doreen, binti yao, alikuwa chuoni Mbeya na alikuwa na mambo yake, kama inavyotakiwa kwa umri wake. Tulinagwe alibaki na migomba, chai kidogo, na kuku. Wakati mwingine jioni ilifika akagundua kwamba tangu asubuhi hajafungua kinywa. Alikuwa mpweke, na neno hilo hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa hiyo hakulisema.

Jioni ya siku ile ya majani makavu, ukungu ulishuka mapema kutoka Mlima Rungwe ukajaa uani. Tulinagwe alikuwa anamenya ndizi. Upande wa pili wa chanja mtu akakohoa, akanyamaza kidogo, akakohoa tena.

Alisimama, akajitanda khanga, akageukia ukuta. Alikuwa amekwisha kugeuka ndipo alipokumbuka kwamba mzee yuko kaburini, hatua chache tu nyuma ya kibanda, chini ya saruji aliyoikandia maji yeye mwenyewe. Kisu kilikuwa bado mkononi. Akangoja woga uje. Kilichokuja kilikuwa furaha, na furaha yenyewe ilimjaa mpaka machozi yakamtoka, kama mtu aliyefikiri amesahauliwa kituoni kisha akaona gari linarudi kumchukua.

Usiku huo alipika kwa watu wawili. Aliweka sahani kwenye kigoda, akagonga kwa kijiko, akaingia ndani.

Kulipokucha sahani ilikuwa imejaa vilevile. Ndizi hazikuguswa, maharage hayakuguswa. Alionja kidogo kabla ya kuwamwagia kuku, akatema. Chakula hakikuwa kimeharibika. Hakikuwa na kitu chochote ndani yake, si chumvi, si kitunguu, si harufu ya moshi wa kuni, kama vile mtu amekaa juu yake na kuvuta kila kilichofanya kiwe chakula. Kuku wakakizunguka wakaenda zao.

Alijiambia kwamba wafu hula hivyo. Naye angejuaje?

Basi ikawa ndiyo desturi. Jioni ukungu ukishuka, kikohozi kilikuja, mara mbili, na harufu ya chai ikapenya majanini. Baadaye ikaja na sauti. "Nyie kuku, mwambieni mwenye nyumba chai ya leo imekolea." Tulinagwe aliziba mdomo kwa khanga asicheke kwa nguvu. Akawatuma kuku jibu. Kuku, ambao zamani walikuwa wajumbe wazuri, siku hizi walipanda kulala mapema na hawakutaka kushuka, kwa hiyo alizungumza na ua mtupu. Aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama kanisani, kwa kuwa kilikutana jioni. Doreen alipopiga simu alimjibu kwa mkato, sikio moja likiwa uani. Amoni naye alipiga, akasema ile mianzi sasa ing'olewe, kwani inakaa pale inamficha nani. Tulinagwe akamwambia mtandao unasumbua, akakata.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Pasheni ilizidi kukauka. Kila asubuhi alikuta sahani nyingine ya majani ya kahawia, siku zote kwenye kimo kilekile, kimo cha uso wa mwanamume aliyesimama. Matundu yalianza kukutana. Kama mmea ungekufa, mzee angemwona na yeye angemwona mzee, na ile heshima ya miaka yote, kitu pekee ambacho watu walimsifia maishani, ingemwagika kama maji machafu. Hilo ndilo alilolihofia. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na jambo lingine la kuogopa.

Akaenda Msasani, ile ya huku Tukuyu, kwa Imakulata, mwanamke mcheshi anayeuza miche kwenye viroba vyeusi pembeni mwa barabara.

"Mama Doreen, ugonile," Imakulata alimwamkia. "Umekonda. Ni mfungo au ni mapenzi?"

Tulinagwe akamwambia anataka mmea wa kutambaa, wa kupanda kwenye chanja. Imakulata akafurahi, maana alipenda mteja anayeuliza. Akamwonyesha bogenvilia nyekundu. Tulinagwe akauliza kama ina majani mazito. Akaambiwa majani ni haba, sifa yake ni maua, na kwa baridi ya Tukuyu itachukua muda kupanda. Akaonyeshwa dodoki: linakimbia, lakini likishazaa linakufa lote. Akaonyeshwa mmea wa maua ya buluu yanayofumbuka alfajiri, mzuri kweli, akaukataa bila kuugusa kwa sababu mwanga ulipita kati ya majani yake.

"Wewe unataka maua au unataka ukuta?" Imakulata akauliza.

"Nataka majani yasiyoonyesha ng'ambo. Yasipukutike hata baridi ya Juni."

Imakulata akamtazama kidogo. Kisha akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa tunda la shushu, lile la kijani lenye mikunjo, ambalo wengine huliita boga la kizungu ingawa hakuna mzungu aliyewahi kulidai. Lilikuwa limeanza kuota. Kichipukizi kimetoka pale lilipofumbia kama ulimi unaotoka kinywani. Akamweleza kwamba shushu haikatwi, inafukiwa nzima, na kwamba kwa udongo huu mweusi na mvua hii itafunika chanja, na asipoiangalia itafunika na nyumba. Alipokuwa akimfungia kwenye gazeti akainusa khanga ya mteja wake, akauliza kwa upole nani anaumwa kwake, kwani anatoa harufu ya pango. Tulinagwe akasema ni ukungu tu, nguo hazikauki.

Shushu ilifanya kama alivyoahidiwa. Ilipanda ikikamata mianzi kwa vikonyo vyake vilivyojikunja, ikaifunika pasheni iliyokuwa inakufa, ikaweka jani juu ya jani mpaka chanja ikawa nene kama godoro. Tulinagwe alilala kwa amani. Heshima imepona, alijiambia.

Lakini yule wa upande wa pili hakupenda. Zamani alikohoa akakaa. Sasa alikuwa akitembea. Alikwenda mpaka mwisho wa chanja akarudi, akaenda akarudi, na kidole kikiburuzwa kwenye mianzi, ta, ta, ta, ta, na pale kidole kiliposimama, asubuhi majani yalikuwa makavu. Harufu ya chai nayo ilianza kuchoka, ikawa inakuja kwa kukatikakatika, na katikati yake ikawa inapita harufu nyingine ya baridi, ya jiwe lenye maji na mavi ya popo. Tulinagwe alikuwa na hamu ya kuwauliza kuku mzee ana nini. Hakuuliza.

Ikafika siku ambayo ukungu haukungoja jioni. Ulikuja baada ya chakula cha mchana, mweupe na mzito, ukameza migomba, ukameza kibanda, ukameza barabara na sauti za pikipiki, mpaka Tulinagwe akabaki na jiko lake na ule ukuta wa majani tu. Kikohozi kikaja karibu sana, si kwenye kibanda, si kwenye benchi la mzee, bali palepale kwenye majani, hatua moja na nusu kutoka mahali alipokaa akichambua maharage, naye akajitanda khanga haraka na kugeukia ukuta kama siku zote, akingoja salamu ya kuku, na salamu ya kuku haikuja, ila akasikia majani yakivutwa kutoka upande ule, moja baada ya jingine, taratibu, kwa uvumilivu wa mtu anayechambua mboga, na pumzi ikapita kwenye tundu lililofunguka ikamgusa shingoni nyuma, na haikuwa pumzi ya moto wala ya baridi bali ya uvuguvugu uleule aliousikia kiganjani siku ile ya kwanza, kisha sauti ya baba mkwe wake, ile sauti nzuri ya kizee aliyoisikia miaka yote ikiwatania kuku, ikasema kwa unyenyekevu:

"Tulinagwe."

Vidole vyake vilikuwa vimeganda ndani ya maharage.

"Tulinagwe. Una upweke. Geuka unione."

Ilikuwa muda mrefu tangu mtu yeyote amwite kwa jina lake. Kwa mumewe alikuwa Mama Doreen, kwa majirani Mama Doreen, hata kanisani aliandikishwa hivyo. Jina lilimwingia mpaka kwenye mifupa, na kwa kitambo alichokionea aibu baadaye, shingo yake ilianza kugeuka. Ilikuwa imekwisha kuanza. Kilichoizuia ni kitu kidogo tu: mzee hakuwahi kumwita. Katika miaka yote ile, katika raha na katika homa, hata siku ile jiko liliposhika moto na yeye yumo ndani, mzee alipiga kelele kwa kuku.

Alitoka mbio kwa mlango wa mbele bila viatu, na maharage yakabaki yamemwagika.

Shangazi Atuganile alikuwa mwanamke mfupi mwenye miguu minene na maneno machache. Tulinagwe alimkuta Lupepo akipalilia, akamweleza yote palepale shambani, la sahani, la kuku, la shushu, na la jina lake kuitwa. Shangazi hakumkatiza. Aliposikia neno geuka alisimamisha jembe, akanawa miguu, akavaa sweta, wakapanda bodaboda.

Kwa kuwa yeye ni dada wa marehemu, hakuwa na mwiko wowote. Alikwenda upande wa pili wa chanja akaketi kwenye benchi la kaka yake, na Tulinagwe akabaki upande wake, mgongo umegusa ukuta. Wakangoja. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Kikohozi kikaja, mara mbili. Muda ukapita, kisha shangazi akazunguka chanja polepole akishikashika mianzi kama kipofu, akaja akaketi, akaomba maji, akayashika bila kunywa.

"Umemwona, shangazi?"

"Nimekiona."

"Ni yeye?"

"Koti ni la kaka yangu. Kofia ni yake. Kisigino ni kile kilichopasuka." Shangazi alizungumza kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake. "Gwe mwana, hebu niambie. Uso wa kaka yangu ulikuwaje?"

Tulinagwe akafungua kinywa. Alikumbuka koti, kofia na kisigino tu.

"Basi nacho hakina," shangazi alisema. "Mbele ya kichwa hapana kitu. Palaini, kama ngozi ya goti. Kimekuja na kila ulichonacho wewe, na usichonacho wewe kimekikosa. Ndiyo maana kinataka ukitazame. Ukikitazama utakuwa umekipa uso, na sijui utakipa wa nani."

Tulinagwe akasema kwa kunong'ona kwamba yeye alidhani ni mzee amerudi kumjulia hali.

"Wa kwetu wakirudi huja ndotoni," shangazi alisema. "Anadai pombe yake, au anadai mjukuu apewe jina lake, akipewa anakwenda kulala. Hawakai uani kuvuta chumvi ya chakula cha watu. Hili ni jini, mwanangu. Lilikuwa linapita, likakuta ua wenye mtu mmoja."

Kisha akaeleza dawa, na dawa ilikuwa chungu. Jini lilikuwa limejishika pale ambapo Tulinagwe hakujua. Lazima aujue uso wa baba mkwe wake, uso wa kweli, ili lile pengo lijae na lile jitu likose mahali pa kushika. Picha ya msiba ilikuwa bado imetundikwa kibandani, shangazi alikuwa amepita kuichukua, na sasa aliitoa chini ya sweta, kioo kikitazama chini.

Tulinagwe alirudi nyuma. Alilia kwa sauti ndogo, akasema hawezi, akasema ni heri afe na heshima yake. Alimwambia shangazi jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba mume hana, mtoto yuko mbali, na hicho tu ndicho alichokitunza vizuri maishani.

"Alikufa anajua umemheshimu," shangazi alisema. "Aliniambia mwenyewe. Alisema, nimepata binti, na sijui anafananaje. Sasa tazama."

Nyuma ya majani kitu kilikuwa kimeacha kutembea. Mianzi ilikuwa inalia kwa uzito, kama mtu ameiegemea kwa kifua kizima, na majani ya shushu, yale mapana yaliyoaminiwa, yakaanza kukauka mbele ya macho yao, si kwa sahani moja moja tena bali kwa upana wa mabega, yakijikunja na kulia kama karatasi, na katikati ya giza la majani ile sauti ikaanza kuita Tulinagwe, Tulinagwe, kwanza kwa sauti ya mzee, kisha kwa sauti ya Amoni enzi zile anamchumbia, kisha kwa sauti ya mama yake aliyekuwa amekwisha kuisahau, na shangazi akageuza picha.

Tulinagwe akatazama.

Ulikuwa uso wa kizee wa kawaida. Masikio makubwa. Jicho moja dogo kuliko jingine. Mdomo umekwenda upande kidogo, kama mtu anayetaka kuchekesha lakini mpiga picha amemwambia atulie. Alikuwa ametegemea uso wa kutisha, uso wa heshima. Kumbe mzee alikuwa na haya. "Mzee wangu," alisema, na kilio kikamshika kweli, kilio ambacho hakukilia msibani.

Upande wa pili kikohozi kilianza na hakikufika cha pili. Mianzi ikarudi mahali pake. Nyayo zikaenda kuelekea migombani, na hazikuwa nyayo za mtu mwenye kisigino kibovu, wala sidhani zilikuwa za miguu miwili. Majani ya migomba yakapisha bila upepo. Harufu ya pango ikamwagika uani kote, ikapungua, ikaisha, na baada ya muda kuku mmoja akashuka kutoka kwenye mti akaanza kudonoa maharage yaliyomwagika.

Shangazi alikaa naye mpaka alipojiridhisha, akarudi Lupepo kwenye shamba lake. Shushu ikachipua upya na kuzaa mpaka Tulinagwe akawa anawagawia majirani. Chakula kilichobaki jioni kilikuwa na chumvi asubuhi. Kila mtu angesema mambo yamekwisha vizuri.

Ila mzee alikuwa amekufa sasa. Kabla ya hapo, kwa Tulinagwe, hakuwa amekufa sawasawa. Alikuwa kama mtu aliye upande wa pili, asiyeonekana kama ilivyo kawaida yake. Alipoujua uso wake ndipo alipompoteza, maana uso alioujua ulikuwa chini ya saruji, na palipobaki nyuma ya majani palikuwa ni benchi tupu na kibanda kinachovuja. Amoni alipiga akasema Krismasi hataweza. Doreen alipata nafasi ya mafunzo Dodoma, akapita kuaga, akalala siku moja. Tulinagwe alijaribu kuwaambia kuku jambo fulani, na kuku walimtazama kwa jicho moja kama kuku wanavyotazama. Jioni zilikuwa ndefu. Alianza kujikuta akisimama na kisu mkononi, akisikiliza.

Siku moja ya soko akarudi kwa Imakulata.

Imakulata alimuuliza kama shushu imemshinda. Alisema hapana, imefunika mno. Anataka mmea mwingine wa kupanda kando yake, na huo ukishafika juu ataikata shushu. Imakulata akamwonyesha hiki na kile, akauliza safari hii anataka wa namna gani, naye Tulinagwe akasema anataka unaopukutisha majani yote baridi ikija.

"Hakuna mtu anayetafuta hivyo," Imakulata alisema. "Ninao mzabibu hapo nyuma, mtu aliagiza akauacha. Kwa baridi hii hauzai, Mama Doreen. Juni utakuwa vijiti vitupu, utaona mpaka ng'ambo."

"Nipe huo."

Imakulata aliushika mche kwa muda kabla ya kumpa. Alitaka kusema kitu, lakini mteja mwingine alikuwa anangoja, na Tulinagwe alikuwa amekwisha kugeuka.

Aliupanda alasiri ileile. Kutenga majani kwa mikono yake mwenyewe asingeweza, hilo alilijua. Shangazi alikuwa amemkanya asikitazame kitu kile, na yeye si mtu wa kukaidi. Lakini majani yakianguka yenyewe kwa wakati wake, kwa baridi ya Mungu, nani atamlaumu? Alikuwa amepiga magoti akishindilia udongo kwa viganja ukungu ulipoanza kuingia uani, na upande wa pili wa chanja mtu akasafisha koo.

Hakikuwa kikohozi cha mzee. Kilijaribiwa kikohozi kimoja, kinene, kikaachwa. Kikajaribiwa kingine cha kike. Kikajaribiwa kingine, kama mtu aliye mlangoni gizani anajaribu funguo moja baada ya nyingine. Tulinagwe alitulia. Alikuwa na simu kwenye mfuko wa sketi, na namba ya shangazi ilikuwa ya kwanza. Barabara ilikuwa wazi. Alijua vizuri kabisa ni nini kile na kwamba hakikuwa na uso.

Akaingia jikoni akatoka na vikombe viwili vya chai. Kimoja akakiweka kwenye kigoda mwisho wa chanja.

"Usijisumbue na vikohozi vya watu," alisema kwa sauti ya chini, na kuku hakuwataja. "Njoo na chako. Baridi ikifika majani yataanguka yenyewe."

Kule ng'ambo kukawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Tulinagwe akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakagusa majani, akajifunika khanga mabegani, akaanza kusimulia jinsi siku yake ilivyokwenda sokoni.